Je, wajua kwa nini Kisumu iliwaka 2008 lakini haikuwaka hivyo 2013?

Mgombea alikuwa yuleyule, Raila Odinga, na mara zote mbili aliambiwa ameshindwa. Lakini matokeo ya Desemba 30, 2007 yaliteketeza maduka katikati ya mji wa Kisumu, moto ukashika Bonde la Ufa, na kufikia mwisho wa Januari Nakuru nayo ilikuwa vitani. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukawa kambi ya wakimbizi wa ndani. Nchini kote waliuawa zaidi ya watu 1,100, na zaidi ya 600,000 wakafurushwa makwao. Machi 2013, Mahakama ya Juu ilipotupa kesi ya Raila, Kisumu kulikuwa na vurugu, na vifo pia. Ila nchi haikushika moto.

Wengi husema watu walikuwa wamepata funzo. Huenda. Mimi jibu naliona kortini.

Mwaka 2007 ODM, chama cha Raila, iliambiwa, "Kama hamjaridhika, nendeni mahakamani." Ikakataa, na wapo walioona ni kiburi. Lakini kumbuka yaliyowapata waliotangulia. Baada ya uchaguzi wa 1992, mgombea wa upinzani Kenneth Matiba alimshtaki Rais Moi. Kesi ikatupwa kwa sababu hakutia sahihi kwa mkono wake. Alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini, kwa hiyo mkewe ndiye aliyesaini kwa niaba yake! Baada ya 1997 akashtaki Mwai Kibaki. Yake ikatupwa kwa kuwa hakumkabidhi Moi hati za kesi ana kwa ana. Hebu jaribu wewe kupenya walinzi wa rais umpe samansi mkononi.

Miaka kumi baadaye, Kibaki huyohuyo, sasa akiwa rais, aliapishwa tena Ikulu jioni giza likiingia, muda mfupi tu baada ya kutangazwa mshindi. Makamishna wengi wa tume ya uchaguzi aliwateua yeye bila kushauriana na upinzani. Ukishaona korti haisikii na tume ni ya mwenzako, unabaki na barabara.

Na barabara ikifungwa Kisumu, anayelia hayuko Kisumu peke yake. Shehena za Mombasa hupitia Nakuru zikielekea Uganda. Malori yalipokwama na reli kung'olewa Kibera, Nairobi, mafuta yaliadimika Kampala, bei ikapanda hadi Rwanda. Uchumi wa Kenya, uliokuwa umekua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007, haukufikia hata asilimia 2 mwaka uliofuata.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hesabu. Siku saba za kuwasilisha kesi ya urais, siku 14 za kuiamua. Waliotaka kuwa majaji wa Mahakama ya Juu walihojiwa hadharani, sisi tukitazama kwenye runinga. Zikaja kaunti 47, zenye haki ya angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa hiyo ukikosa Ikulu, bado una gavana wako wa kumdai dawa hospitalini.

Lakini korti nzuri haizuii risasi. Agosti 2017 polisi waliua watu Kisumu, hata mtoto mchanga, kabla jaji yeyote hajafungua faili. Septemba 1 mahakama ikafuta matokeo ya urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika, na mtaani Kondele, Kisumu, watu wakacheza barabarani. Kura iliporudiwa Oktoba 26, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hazikupiga. Walioamini majaji hawakuamini tume, na polisi ndio kabisa.

Muulize mwuza mitumba wa soko la Kibuye, Kisumu, jinsi anavyopanga biashara mwaka wa uchaguzi. Atahesabu kwa vidole: wiki ya kwanza matokeo, ya pili kesi, ya tatu na ya nne majaji. Mwaka 2022 kura ilipigwa Agosti 9, hukumu ikasomwa Septemba 5. Mwaka 2008 hakuna aliyejua pa kuanzia kuhesabu; mpatanishi Kofi Annan alipowakalisha Kibaki na Raila wakatia sahihi makubaliano, ilikuwa Februari 28, miezi miwili tangu kura. Siku hizi mwuza mitumba haagizi robota jipya hadi wiki hizo nne ziishe, kisha anapiga simu soko la Gikomba, Nairobi.