Damu inapopita, ukuta wa mshipa unahisi: maswali na majibu

Maswali haya huulizwa sana na wenye presha na familia zinazomuuguza mtu aliyepata kiharusi. Mengi yanaishia pahali pamoja: seli zilizotandikwa ndani ya mshipa, na jinsi zinavyouhisi mwendo wa damu.

Mama yetu alipata kiharusi. Alipopigwa ultrasound ya shingo, tuliambiwa mshipa una mafuta pale unapogawanyika. Damu inazunguka mwili mzima, kwa nini mafuta yakae pale?

Damu yenye sukari nyingi, moshi wa sigara na kolesteroli hufika kila mshipa, lakini ugonjwa huu huchagua mahali. Hupenda ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya shingoni inapogawanyika chini ya taya, matawi ya ateri zinazolisha moyo, na ateri kuu ya tumboni karibu na inapogawanyika kwenda miguuni. Sehemu zilizonyooka, kwa mtu yuleyule, mara nyingi huwa na nafuu kubwa.

Wengi hudhani mafuta hutuama pale kama tope kwenye kona ya mto. Sivyo. Ukuta wa mshipa uko hai. Kwa ndani umefunikwa na safu moja tu ya seli bapa, na hizo ndizo zinazoguswa na damu usiku na mchana. Kwenye mshipa ulionyooka damu hupita kwa mkondo mmoja, na seli hizo hurefuka, zikalala zote kufuata inakoelekea damu. Pale shingoni, kwenye ukuta wa nje wa njia panda, damu hupunguza kasi, hujizungusha, na hata kurudi nyuma kidogo kila moyo unapopiga. Seli za hapo hukosa mwelekeo. Hubaki na umbo la duara lisilo na mpangilio, nafasi kati yake huvuja, kolesteroli hupenya chini yake, nazo huanza kutoa protini zinazonasa chembe nyeupe za damu. Uvimbe wenye mafuta huanzia hapo, miaka mingi kabla ya kiharusi.

Mwaka 1969, Colin Caro na wenzake huko London walionyesha kwamba maradhi haya hufuata sehemu ambazo msuguano wa damu ni mdogo. Kabla ya hapo dhana iliyokuwa na nguvu ilikuwa kinyume: kwamba damu inayopita kwa kishindo ndiyo inayouchubua ukuta.

Kwa hiyo jambo hili la shingoni si la mama yenu peke yake. Njia panda ya shingoni ni mahali dhaifu kwa kila binadamu. Presha, sukari na sigara ndivyo hugeuza udhaifu huo kuwa ugonjwa.

Seli inahisije damu inapopita?

Msuguano wenyewe ni mdogo mno. Kwenye ateri nyingi ni paskali (kipimo cha shinikizo) 1 hadi 7 hivi, wakati presha ya 120 ni takriban paskali 16,000. Hata hivyo seli inauhisi. Juu yake ina utando laini wa sukari na protini unaoyumbishwa na damu, na kwenye ngozi yake kuna milango midogo ya protini inayofunguka ikivutwa. Mmoja unaitwa Piezo1. Ardem Patapoutian na wenzake nchini Marekani waliupata mwaka 2010 kwa kuzima jeni moja baada ya nyingine kwenye seli, huku wakizibonyeza kwa sindano nyembamba ya kioo, mpaka wakafika kwenye jeni ambayo ikizimwa seli haihisi tena. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na David Julius. Mlango ukifunguka kalisi huingia, na seli inajua damu inapita.

Ikishajua, inafanya nini?

Hutoa gesi ya nitriki oksidi. Gesi hiyo huingia kwenye misuli ya ukuta na kuilegeza, mshipa ukatanuka. Pia huzuia chembe sahani, yaani chembe zinazogandisha damu, zisigandamane. Robert Furchgott wa New York alifika kwenye jambo hili kupitia vipande vya ateri kuu ya sungura. Vilivyoshikwa kwa uangalifu vililegea vilipowekewa dawa ya asetilikolini. Vilivyosuguliwa upande wa ndani, seli zikatoka, vilikataa kulegea. Alilichapisha mwaka 1980, na mwaka 1998 akashirikiana Nobel na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Na presha ya kupanda?

Presha husukuma ukuta kwenda nje. Ikikaa juu kwa miaka, misuli ya ukuta hunenepa, mshipa hukakamaa, na uwezo wa kutoa nitriki oksidi hupungua. Dawa za presha ni za kila siku kwa sababu hiyo, hata siku usiyoumwa kichwa. Usiziache bila kuongea na daktari.

Nakaa ofisini kutwa. Inahusiana?

Inahusiana sana. Ukikaa, damu ya miguuni hupungua kasi, na majaribio yameonyesha kwamba saa 3 za kukaa mfululizo zinatosha kupunguza uwezo wa ateri ya paja kutanuka. Waliotembea polepole dakika 5 kila saa hawakupata hasara hiyo. Dereva wa basi la mbali, fundi cherehani na mlinzi wa getini wanahusika kama mtu wa kompyuta.

Ndugu yangu anasafishwa damu. Mshipa wa mkono umetuna na unatetemeka. Ni hatari?

Hiyo ni fistula ya mkono, na haihusiani na fistula ya uzazi. Daktari wa upasuaji ameiunganisha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) na ateri makusudi. Vena iliyozoea mtiririko mdogo hupokea ghafla mamia ya mililita kwa dakika. Seli zake huhisi msuguano umepanda, na mshipa hujitanua, wakati shinikizo huufanya ukuta kunenepa. Baada ya wiki 6 hivi madaktari hutarajia upana wa milimita 6 na mtiririko wa mililita 600 kwa dakika, ndipo sindano kubwa za mashine ziweze kuchomwa.

Mtetemo ni dalili njema. Mwambie auguse kila asubuhi. Ukipotea, aende hospitali siku hiyohiyo, maana huenda damu imeganda. Asipimwe presha wala kutolewa damu kwenye mkono huo, wala asiulalie. Mshipa ukianza kuwa mwembamba, mara nyingi huwa karibu na pale vena ilipounganishwa na ateri, ambapo damu inakata kona na kuvurugika.

Kuna kipimo cha kujua kama seli hizi ziko sawa?

Kipo. Mkono hubanwa kwa mkanda wa presha dakika 5, unaachiwa, damu inarudi kwa kasi, na ultrasound hupima ateri imetanuka kiasi gani. Ila hutumika zaidi kwenye utafiti. Kliniki ya kawaida itakupima presha, sukari na kolesteroli, na hivyo vinatosha kuanza matibabu.