Ditekta haijui dhahabu

Kila nikishuka ufuoni Bamburi na ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, begani, hakosi mtoto wa kunifuata. "Ami, wachimba mali ya Wareno?" Humjibu natafuta pesa ya mahamri, wala si mzaha mtupu. Siku nyingi narudi na shilingi arubaini au hamsini, ndoana mbili tatu zilizooza, chubwi za wavuvi, yaani risasi za kuzamishia mshipi, na vizibo vya soda visivyo na hesabu.

Mimi ni fundi wa redio, na mashine hii naitazama kwa jicho hilo hilo. Ndani ya ile sahani ya chini mna koili mbili, yaani nyaya zilizoviringwa. Ya kwanza hupitishwa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, ukazaa uga wa sumaku unaoingia mchangani. Ukikuta metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya metali hiyo, nayo ikarudisha uga wake. Koili ya pili hupokea jibu, na mashine hupima limechelewa kiasi gani. Msumari hujibu kwa namna yake, sarafu nene ya fedha huchelewa zaidi, pete nyembamba ya dhahabu iko katikati. Shida ni kwamba hapo katikati ndipo pia palipo kibati cha kufungulia kopo la soda na ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Kwa mashine, vitu hivi ni ndugu. Mshale ukisimama penye neno "dhahabu", jua ni makisio ya kiwandani tu.

Hili nililipia kwa aibu. Mama mmoja aliniita nimtafutie pete ya ndoa iliyomponyoka akicheza na wanawe maji yakipwa. Nikapandisha kichujio cha takataka, kile kirekebisho cha mashine kinachonyamazisha sauti za vitu visivyotakiwa, ili nisisumbuliwe na vibati, nikapita pale pale mara tatu. Kimya. Mumewe akaanza kuangalia saa. Mara ya nne nikazima kichujio, nikasikia sauti fupi, hafifu, ambayo siku nyingine ningeipuuza. Pete ilikuwa kama sentimita 10 chini, mahali ambapo nyayo zangu zilishapita. Tangu siku ile nachimba kila sauti ya katikati, hata ikinitolea vibati hamsini. Na kichujio cha chuma nacho tahadhari: shilingi zetu moja moja za karibuni nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli.

Mchanga mkavu hauna taabu. Taabu ni mchanga uliolowa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine rahisi huanza kuimba hata pasipo na kitu. Usiilaumu. Punguza usikivu mpaka inyamaze, kisha ipeleke sahani polepole, karibu na ardhi, bila kuiinua mwisho wa kila mfagio, maana ukiiinua tu inapiga kelele. Utapoteza kina kidogo, lakini sarafu iliyo shubiri moja chini hata mwanzo isingesikika vizuri. Zipo mashine za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipande na kungoja kidogo kabla ya kusikiliza. Jibu la chumvi hufa upesi, la metali hubaki. Ni ghali, na nyingi hazikutengei msumari na pete.

Sauti ikija, pita tena ukikata msalaba. Ikilia pande zote mbili, chimba. Ikilia upande mmoja tu, mara nyingi ni msumari.

Lakini mwalimu mkubwa ni bahari. Mimi hungoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3, na mchanga ambao watu waliogea juu yake unabaki wazi. Kusi likivuma, mawimbi hukwangua ufuo, mchanga mwepesi unaondoka na vizito vinatuama penye tabaka gumu. Ndiyo maana nikiokota chubwi mbili karibu karibu, sisongi mbele. Risasi ni nzito, dhahabu ni nzito kuliko risasi. Palipotuama ile, na hii huenda ipo. Wengi huzitupa chubwi kwa hasira na kwenda zao!

Kuhusu hiyo mali ya Wareno: usithubutu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitafuta kunataka leseni. Kwa hiyo Fort Jesus, Mji wa Kale na magofu mimi siendi na mashine. Ukikiokota kwa bahati, kiripoti. Na penye alama ya mayai ya kasa usiguse mchanga, hata ditekta ikilia vipi.

Kitu changu cha zamani kuliko vyote ni senti kumi ya tundu ya 1952, yenye maandishi ya East Africa, niliyoitoa Shelly Beach. Yule mtoto aliniuliza itanunua nini. Nikamwonyesha: nimeitia chini ya skrubu ya mkono wa ditekta, kwani washa yake, kile kipete bapa cha chuma, ilipotea mchangani, na sijaipata mpaka leo.