Pampu ikizimwa, sumu inarudi

Chupa ninayochukulia sampuli za maji ya chini ya ardhi ni ya mililita 40. Naijaza taratibu mpaka maji yatune mdomoni, naifunga, naigeuza kichwa chini, kisha naigonga kwa kidole huku nikiikazia macho. Kikionekana kiputo cha hewa, narudia upya, maana ninachokitafuta ni trikloroethilini, na hiyo ikipata upenyo wa hewa tu, imekwenda.

Viwanda viliitumia kwa miongo mingi kuondolea grisi kwenye vyuma. Mabaki yalimwagwa uani, watu wakaona pamekauka, wakasahau. Kumbe nyingine ilizama. Lita yake moja ina uzito wa karibu kilo 1.46, kwa hiyo haielei juu ya maji kama petroli. Hushuka mpaka ikutane na mfinyanzi. Marekani inaruhusu mikrogramu 5 tu katika lita moja ya maji ya kunywa. Ukipiga hesabu, lita moja iliyomwagika inatosha kufikisha kiwango hicho katika lita zipatazo milioni 290 za maji.

Udongo wa juu wenye madini ya risasi ni kazi nyepesi ukilinganisha. Unachimbwa, unapakiwa, shimo linafukiwa, viongozi wanapiga picha.

Kwa maji, dawa ya kawaida ni kuyavuta kwa pampu, kuyapitisha kwenye mkaa maalumu unaonasa sumu, kisha kuyaachia. Miaka ya mwanzo grafu ya sumu majini inashuka vizuri hata watu wa bajeti wanachangamka. Halafu inalala, haishuki tena. Pampu haina kosa. Miaka yote ile sumu ilipokaa kwenye mchanga, ilikuwa pia inajipenyeza ndani ya mfinyanzi; mchanga ukisafishwa, mfinyanzi nao unaanza kuitema, kidogo kidogo. Nimeshachukua sampuli kwenye kisima kilichohesabiwa kuwa kimepona, miezi kadhaa baada ya pampu kuzimwa, nikakuta namba imepanda tena.

Hapo ndipo ninapogombana na wahasibu. Sheria ya Marekani ya 1980, ile ya Superfund ya kusafisha maeneo yenye sumu, iliyozaliwa na kashfa ya Love Canal, mtaa wa jimbo la New York uliojengwa juu ya jalala la kemikali, inamtaka mchafuzi alipe. Asipopatikana, kwa kawaida serikali kuu hubeba asilimia 90 ya gharama za ujenzi na jimbo asilimia 10. Mitambo ya kurejesha maji ya chini ya ardhi huendeshwa kwa msaada wa serikali kuu kwa muda usiozidi miaka 10, kisha mzigo wote unaliangukia jimbo. Miaka 10, kwa mfinyanzi ulionyonya sumu kwa miaka 30!

Mimi hupenda kushambulia chanzo chenyewe. Tunaingiza mafuta ya soya ardhini kulisha bakteria waitwao Dehalococcoides, wanaonyofoa atomi za klorini za trikloroethilini moja baada ya nyingine. Lakini wasipokuwepo wa kutosha, kazi inakwama njiani na unabaki na vinili kloridi, ambayo kiwango chake kinachoruhusiwa ni mikrogramu 2 tu kwa lita, yaani umebadilisha sumu kwa sumu kali zaidi. Ndiyo maana tunawapima kwanza.

Nikiletewa ripoti ya mradi, naruka muhtasari na kutafuta vipimo vya mfinyanzi wenyewe. Visipokuwemo, tarehe ya kumaliza iliyoandikwa mbele siisomi.