Mgonjwa Mmoja, Wanarudi Wanne: Hesabu ya Viti Angani

Limekuja tena. Safari hii kwa sauti ya WhatsApp, na swali lenyewe ni hili: ikiwa aliyepata tatizo la kiafya kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Januari 2026 alikuwa mtu mmoja, kwa nini NASA iliwarudisha wanne? Kabla sijajibu likafuata lile la tangu 2024: na wale wanaanga wawili wa NASA, Butch Wilmore na Suni Williams, waliokwama miezi tisa, kweli Wamarekani na pesa zao zote walishindwa kutuma roketi ikawachukue?

Maswali mawili, kosa moja. Wanaouliza wanadhani chombo cha wanaanga ni bodaboda: kinashusha abiria, kinageuza, na siku ya kurudi unaita kingine. Mimi kazi yangu ni hesabu za obiti, yaani njia ambayo chombo kinaizunguka dunia, tena za satelaiti zisizo na watu, lakini ratiba za vyombo vya watu nazifuatilia kwa karibu kwa sababu kanuni ni zilezile. Hili nimeshalieleza kwa mdomo, kwa meseji na kwa michoro nyuma ya risiti. Sasa naliandika, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Chombo hakirudi. Dragon, kapsuli ya kampuni ya SpaceX, ikitia nanga na watu wanne, inabaki palepale miezi sita au zaidi, mifumo yake mingi imezimwa, huku hao wanne wakifanya kazi ndani ya kituo. Soyuz ya Warusi na watu wake watatu vivyo hivyo. Moto ukizuka, amonia ikivuja, au takataka za anga zikitoboa ukuta, kila mtu lazima awe na kiti ndani ya chombo kinachoweza kung'oa nanga wakati huohuo na kumfikisha duniani. Si maneno ya kwenye makaratasi tu. Juni 2024 satelaiti ya Urusi iitwayo Resurs-P1 ilivunjika vipande vipande, na wote waliokuwa kituoni wakaamriwa waingie kila mtu chomboni mwake wakasubiri kama saa nzima. Tangu 2 Novemba 2000, walipoingia wakazi wake wa kwanza, Shepherd, Gidzenko na Krikalev, kituo hakijakaa bila mtu, na ratiba yote ya kubadilishana zamu inafuata hesabu ya viti.

Sasa turudi Januari. Crew-11, kikosi kilichopanda na Dragon, walikuwa Zena Cardman, Mike Fincke, Kimiya Yui na Oleg Platonov. Chombo kimoja, viti vinne. Mmoja akapata tatizo. NASA haikumtaja, na hiyo ni haki ya mgonjwa. Ukimshusha peke yake na Dragon, watatu waliobaki watashuka na nini? Soyuz iliyokuwa imetia nanga ilikuwa na wenyewe: Sergey Kud-Sverchkov, Sergei Mikaev na Chris Williams. Basi wakashuka wote wanne, wakatua baharini karibu na San Diego tarehe 15, na kituo kikabaki na watu watatu mpaka Crew-12 ilipofika Februari.

Hapo ndipo utaona maana ya jambo linalowashangaza wengi, la Mmarekani kupanda Soyuz na Mrusi kupanda Dragon wakati nchi zao hazisemezani. Watu wanadhani ni urafiki wa picha. Hapana. Upande wa Marekani wa kituo unahitaji mtu anayeujua, na upande wa Urusi vilevile, maana umeme mwingi unatoka upande mmoja na injini za kuinua obiti ziko upande mwingine. Wangekuwa wamepakiwa kwa utaifa, Dragon ikiondoka inaondoka na Wamarekani wote. Kubadilishana viti kulianza Septemba 2022, na mwezi ule mmoja wa mwanzo wa 2026 Chris Williams peke yake ndiye aliyekuwa akiuendesha upande wa Marekani. Tiketi yake ya Soyuz ndiyo iliyouokoa mpango mzima.

Kiti chenyewe nacho kina mambo. Usifikirie kiti cha ndege. Kwa Soyuz, mwanaanga anakwenda kiwanda cha Zvezda, nje kidogo ya Moscow, analazwa kwenye jasi mbichi magoti yakiwa yamekunjwa, mpaka umbo la mgongo wake libaki. Kutokana na umbo hilo wanamtengenezea kalibu ya ndani ya kiti, yake peke yake. Juu ya kichwa wanaacha nafasi kidogo, kwa sababu mtu akikaa bila uzito uti wa mgongo unarefuka kwa sentimita kadhaa, na atakayeshuka ni mrefu kuliko aliyepanda. Yote hii ni kwa ajili ya sekunde moja ya mwisho. Kapsuli inashuka na parashuti kwenye nyika za Kazakhstan, ikikaribia ardhi, chini ya mita moja, injini ndogo za kupunguza kishindo zinawaka, na bado inagonga. Mgongo usiokaa vizuri kwenye kalibu unaweza kuumia.

Ndiyo maana Desemba 2022, Soyuz MS-22 ilipotobolewa na kimiminika chake cha kupoozea kikamwagika chote nje, kilichofuata kilikuwa shughuli ya kuhamisha viti. Bila kupoozwa, kapsuli yenye watu watatu ingepata joto la hatari wakati wa kushuka. Kalibu ya Frank Rubio ikang'olewa ikafungwa ndani ya Dragon ya Crew-5, sehemu ya mizigo, ili Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin wabaki wawili tu kwenye Soyuz mbovu na joto lipungue. Februari 2023 ikaletwa Soyuz MS-23 bila mtu ndani, na kalibu zote tatu zikahamishiwa humo. MS-22 ikarudi tupu. Lakini MS-23 ilikuwa ndiyo chombo cha zamu iliyofuata! Ukiitumia kuokoa, zamu mpya haina usafiri, na waliopo lazima wasubiri chombo kingine kitengenezwe. Safari ya miezi sita ikawa siku 371. Rubio hakusahaulika na mtu. Hesabu ya viti ilikuwa na pengo, na yeye na wenzake ndio waliolijaza.

Haya, Butch Wilmore na Suni Williams. Hapa nitakwenda polepole, maana hapa ndipo ninapochoshwa zaidi.

Walipanda Starliner ya Boeing tarehe 5 Juni 2024, safari ya majaribio ya kama siku nane. Heliamu ikavuja, na injini ndogo tano kati ya 28 zikazima wakati wa kukaribia kituo, nne zikarudi. Tarehe 24 Agosti NASA ikaamua Starliner ishuke tupu. Watu wakauliza: si watume Dragon kesho yake? Itie nanga wapi? Vyombo vya Marekani vya kubeba watu vina gati mbili tu, zote kwenye moduli (chumba cha kituo) iitwayo Harmony, moja mbele na moja juu. Ile ya juu ilikuwa na Dragon ya Crew-8, watu wanne ndani ya hesabu yake. Ile ya mbele ilikuwa na Starliner yenyewe. Mpaka Starliner iondoke, hakuna chombo kingine kinachoweza kuingia. Na Starliner ikiondoka, wawili hawa hawana viti.

Suluhisho lilikuwa nini? Sponji. Sakafuni mwa Dragon ya Crew-8, sehemu ya mizigo, wakaandaa mahali pa kulaza watu wawili, ili dharura ikitokea washuke sita kwenye chombo cha wanne. Starliner ikang'oa nanga, ikatua New Mexico bila tatizo kubwa. Tarehe 28 Septemba Crew-9 ikarushwa na watu wawili, Nick Hague na Aleksandr Gorbunov, na viti viwili vitupu. Stephanie Wilson na Zena Cardman waliachwa chini ili viti vyao vipatikane. (Ndiyo, Cardman huyuhuyu aliyekuja kupewa Crew-11 na kushushwa mapema. Ana bahati yake.) Hata suti ilikuwa tatizo, kwa sababu suti ya Boeing haiungani na mipira ya hewa ya Dragon.

Kwa hiyo kuanzia 29 Septemba 2024 walikuwa na viti na chombo, kilichotia nanga kwenye gati. Wangeweza kushuka wiki ileile. Hawakushuka kwa sababu walikuwa wamegeuka kuwa nusu ya Crew-9, na Crew-9 ikiondoka kabla Crew-10 haijafika, upande wa Marekani unabaki na Don Pettit peke yake, aliyekuja na Soyuz. Crew-10 nayo ilichelewa kwa sababu kapsuli mpya haikuwa tayari, hadi wakaamua kutumia iliyokwisha kuruka. Ikafika 16 Machi 2025, makabidhiano yakafanywa haraka, na tarehe 18 wakatua baharini karibu na Florida. Siku 286.

Je, walikwama? Nikiwa na hasira nasema hapana. Nikitulia, nakubali kwamba kuna wiki tatu za Septemba ambazo sina jibu safi. Mtu aliyelala kwenye sponji sakafuni mwa kapsuli inayogonga bahari ana kiti, au ana ahadi ya kiti? Wahandisi waliofanya hesabu hiyo walisema inatosha. Naamini walifanya kazi yao. Mimi nisingependa kuijaribu.

Haraka haraka, mambo mawili. La kwanza, roketi hairushwi saa unayotaka. Dunia inajizungusha chini ya obiti ya kituo, na unarusha pale tu uwanja wako unapopita chini ya obiti hiyo; ukichelewa kwa dakika chache unasubiri, na kesho yake nafasi inakuja mapema kwa dakika kama 24. La pili, kwa ndugu zangu wa Pwani mnaosema wangerushia Ngomeni, kule karibu na Malindi, Kenya, kwa sababu iko karibu na ikweta. Obiti ya kituo imeinama nyuzi 51.6. Ukilenga mwinamo huo, msukumo wa bure unaoupata kutoka kwenye mzunguko wa dunia ni kama mita 290 kwa sekunde, urushie Ngomeni, Florida au Baikonur, uwanja wa Soyuz kule Kazakhstan. Piga hesabu mwenyewe. Ngomeni inashinda kwa obiti za juu ya ikweta, kama ile ya satelaiti ya Uhuru mwaka 1970. Kwa kituo hiki haikupi hata mita moja ya ziada.

Kuna kitu vitabu havikisemi kwa sauti. Muda ambao chombo kinaruhusiwa kukaa angani, siku 210 kwa Dragon katika idhini yake ya mwanzo, haukutoka kwa Mungu. Kwenye Soyuz sababu unaweza kuishika mkononi: injini za kapsuli ya kushukia zinatumia haidrojeni peroksidi, na peroksidi inaoza taratibu ndani ya tangi. Kwa Dragon ni idhini inayotokana na majaribio na makubaliano, na Crew-8 ilikaa siku 235 kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, ikashuka salama. NASA inataka hatari ya kupoteza kikosi isizidi moja kati ya 270 kwa safari nzima, na sehemu kubwa ya hatari hiyo ni vipande vidogo vya takataka vinavyogonga chombo kikiwa kimetulia kwenye gati. Namba 270 imepatikana kwa modeli, na modeli za vipande visivyoonekana na rada nimezitumia. Naziheshimu, lakini siwezi kuziapia.

Novemba 2025 kipande cha namna hiyo kilipasua dirisha la chombo cha Shenzhou-20 kwenye kituo cha Wachina, Tiangong. Kikosi chake kikashuka tarehe 14 na Shenzhou-21, chombo cha zamu iliyokuwa imewasili kuwapokea. Zhang Lu na wenzake wawili wakabaki juu, na chombo pekee walichokuwa nacho kilikuwa kile chenye ufa dirishani. Hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya Wilmore na Williams siku yoyote baada ya 29 Septemba, na sikusikia mtu akipiga kelele za kukwama. Kilichowaokoa ni kwamba Wachina huweka roketi na chombo kinachofuata karibu tayari kwenye uwanja wao wa Jiuquan kila zamu inapoondoka. Shenzhou-22 ikarushwa tupu tarehe 25. NASA haina chombo cha akiba namna hiyo. Inategemea kwamba gati ya pili itakuwa na chombo cha wengine, na kwamba sakafu yake itakuwa na nafasi ya kulaza mtu.