Kuchenjua fedha uani: kilichomo, kinachoua na kinachotakiwa na sheria

Tangu video za kuchenjua fedha, yaani kuisafisha metali ya fedha (silva) iliyo kwenye vitu chakavu, zianze kuzunguka kwenye simu, malalamiko yanayotufikia sisi tunaosimamia kemikali yanafanana: moshi wa kahawia unatoka uani kwa jirani na watoto wanakohoa. Hatuna ugomvi na biashara ya fedha chakavu. Masonara wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wamekuwa wakiyeyusha mikufu ya zamani miaka na miaka, na bangili yenye chapa ya 925 haihitaji zaidi ya moto, boraksi (unga wa kusafishia metali inapoyeyuka) na kalibu. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 962. Shida huanza mtu anapotaka kuitenga fedha na metali nyingine, hapo ndipo tindikali inapoingia.

Tuelewane kwanza kuhusu kilichomo. Chapa ya 925 ina maana ya sehemu 925 za fedha katika 1,000, na nyingi ya zilizobaki ni shaba. Riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya zamani yenye mwaka 1780, ina uzito wa gramu 28 na fedha gramu 23 hivi. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa kati ya 1921 na 1946 ni robo tu fedha, yaani haifiki gramu 2, na ukishaiyeyusha umejinyima mnunuzi wa sarafu za kale ambaye huenda angelipa zaidi. Vijiko na sinia zenye herufi EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa juu, utando mwembamba kuliko karatasi. Hili tumelieleza mara nyingi mno, na bado watu wananunua magunia ya vijiko hivyo kwa bei ya fedha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Tindikali ya nitriki huyeyusha fedha pamoja na shaba, na maji yanageuka kijani au buluu kwa sababu ya shaba. Ukitia chumvi ya kawaida, fedha peke yake hutuama kama maziwa yaliyoganda, nayo ni kloridi ya fedha. Baada ya kuoshwa, kloridi hiyo hurudishwa kuwa metali kwa kostiki soda na sukari, ndipo iyeyushwe. Wengine hutumbukiza kipande cha shaba kwenye maji yale na fedha ikajikusanya juu yake. Viwandani huendelea hadi hatua ya umeme, ambako fedha hufika usafi wa asilimia 99.9 na zaidi. Wanaoitia kloridi motoni moja kwa moja hupoteza sehemu ya fedha yao hewani, kisha huja kulalamika kwamba tindikali waliyouziwa ilikuwa feki.

Moshi ule wa kahawia ni dioksidi ya nitrojeni. Mtu anaweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akala chakula cha jioni na kulala, kisha mapafu yakajaa maji baada ya saa kadhaa, hata siku ya pili. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kunywa maziwa hakusaidii, na tunaomba ushauri huo ukome. Aliyevuta moshi huu apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima, na daktari aambiwe wazi ni moshi wa nini.

Pointi za fedha kwenye kontakta na rilei za zamani, yaani swichi za mitambo ya umeme, ni hatari nyingine, maana nyingi zilichanganywa na kadimiamu, metali yenye sumu. Ukizichoma, mvuke wake unaweza kuua fundi bila dalili kubwa siku ya kwanza. Na mabaki ya fedha yaliyowekwa amonia yasiachwe yakauke kamwe. Hugeuka kilipuzi kinachofyatuka kwa kuguswa tu.

Filamu za eksirei zina mambo yake. Zile za zamani zina fedha kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito, na maji ya fiksa (dawa ya kusafishia picha za filamu) yaliyotumika nayo yana gramu kadhaa kwa lita. Lakini filamu ina jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Hospitali haiwezi kumkabidhi muokota taka, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaihusu, na fiksa haimwagwi kwenye sinki.

Kwa Tanzania Bara, anayeingiza, kuuza, kusafirisha, kuhifadhi au kutumia tindikali kwa biashara anatakiwa asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Zanzibar wana Mkemia Mkuu wao. Usajili unaambatana na ukaguzi wa eneo, msimamizi mwenye elimu ya kemikali, lebo kwenye kila chombo na kumbukumbu za kilichoingia na kilichotoka. Kuingiza kemikali kutoka nje ni kibali cha peke yake, na kuteketeza mabaki ni kibali kingine. Cheti cha mtu mwingine hakikufuniki, hata kama ni shemeji yako. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Ukimwaga maji ya shaba mtaroni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaruhusu mahakama kukutoza pia gharama za kusafisha.

Kama unakusanya tu, tenga mzigo wako: vyenye chapa peke yake, sarafu peke yake, pointi za umeme peke yake, uuze kwa mwenye leseni na udai risiti yenye uzito na kiwango cha usafi. Na kama tayari una ndoo ya tindikali nyumbani, usiipunguze makali kwa kuimwagia maji. Iache kwenye chombo chake, mbali na jua, mafuta na vumbi la mbao, iandike jina, kisha utoe taarifa ofisi ya Mkemia Mkuu ya kanda yako kabla hujaihamisha.