Si kila -er ya Kiingereza ni mtendaji

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukariri kwamba -er mwishoni mwa neno humtaja mtendaji: teach ni kufundisha, basi teacher ni mwalimu. Hiyo ni nusu tu ya habari. Cooker si mpishi, ni jiko. Mpishi huitwa cook, bila nyongeza yoyote, na hapa ndipo wengi huteleza. Katika taller kiambishi hicho hulinganisha urefu. Londoner ni mkazi wa London, wala hakuna kitendo hapo. Kwenye water si kiambishi kabisa, ni sehemu ya mzizi. Gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni cooler: laweza kuwa chombo cha kupozea, au kumaanisha “baridi zaidi”. Likifuatwa na than, basi ni ulinganisho.