“Mimi sisikii chochote, presha nitaitoa wapi?”

Maneno hayo nayasikia kliniki kila mara, na mara nyingi kutoka kwa mama ambaye mashine imetoka kusoma 150/100 naye anaulizia kadi yake aondoke. Presha ya mimba haina desturi ya kuuma. Inaweza kupanda wiki nzima mama akipika, akifua, akicheka. Kichwa kikigoma kutulia kwa panadoli, macho yakaona vimulimuli, maumivu yakakaa chini ya mbavu za kulia, hapo tumeshachelewa: kifafa cha mimba kiko karibu.

Kwa hiyo mimi naamini namba. Baada ya wiki 20, 140/90 inayorudiwa ikabaki palepale ni presha ya mimba. Protini ikionekana kwenye mkojo, jambo limekuwa zito zaidi, ndiyo maana kile kikopo unapewa kila hudhurio. 160/110 unalazwa leo, si kesho baada ya kuaga nyumbani.

“Nimekuja kwa miguu, ndiyo maana imepanda.” Sawa, kaa dakika 5, egemea, miguu isipishane, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi, si juu ya sweta, na usiongee. Tutarudia. Na ukiona kadi imeandikwa 110/70 bila kufungwa mkanda (yapo hayo), dai upimwe. Usione haya.

Miguu kuvimba ni dalili ya mtoto wa kiume? Hapana. Wajawazito wengi huvimba miguu. Uso na mikono vikivimba ghafla, njoo upimwe.

Kuacha chumvi hakukingi presha ya mimba. Aliyewahi kuipata, mwenye mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya zamani husaidiwa na aspirini ya dozi ndogo, kwa maelekezo ya daktari, ianzwe kabla ya wiki 20. Utaianzaje ukija kliniki na tumbo la miezi saba?

Vidonge vya presha vya mama mkwe viacheni: enalapril na losartan huharibu figo za mtoto tumboni.

“Nikijifungua imeisha.” Kifafa hutokea hata baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo. Mzazi akianguka na kukakamaa, hajapandwa na jini. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali akachomwe magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa hicho.